Lakiri Kwenye Mwendo wa Kobe

Mtu aliyekaa miaka thelathini na mitatu akikagua mizani za wenzake hapokei zawadi kama watu wengine. Wengine husema asante kwanza, ndipo hutazama walichopewa. Bi Lakiri alitazama kwanza. Alizunguka, akainama, akagonga chuma kwa kifundo cha kidole, akanusa mpira wa magurudumu, na asante yake ikabaki inasubiri nje pamoja na mleta mzigo.

Zawadi yenyewe ilikuwa kigari cha umeme, chekundu, cha magurudumu matatu. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, kiti chenye mikono katikati, usukani kama wa baiskeli na kikapu cha waya mbele yake. Binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, alikuwa amekinunua na kukituma bila kumwuliza mama yake. Alimwuliza baba yake tu. Hilo nalo Bi Lakiri aliligundua palepale, maana mume wake hakushtuka hata kidogo mleta mzigo alipobisha hodi.

"Mama, hiki hata mtoto anakiweza," alisema mleta mzigo, mtu mzima mwenye tumbo na maneno mengi. "Unabana hapa kwa kidole gumba, kinakwenda. Unaachia, kinasimama chenyewe. Hakina klachi, hakina gia, hakina moshi, hakina kelele."

"Kisicho na kelele, mtu atajuaje kwamba kinamjia?"

"Kina honi, mama."

"Na gurudumu la nne liko wapi?"

Mleta mzigo alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona anacheka peke yake akakohoa. "Ni matatu makusudi, mama. Yanapinda kwenye nafasi ndogo. Mzee ataingia nacho hadi ndani ya duka, azunguke palepale, atoke."

"Nakijua kigoda cha miguu mitatu," alisema Bi Lakiri. "Hakichezi hata ukikiweka juu ya mawe. Lakini ukiegemea upande usio na mguu, unajikuta chini."

Mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, alisema polepole kwa ule ulimi wake uliokuwa ukiyaburuta maneno tangu augue: "Mke wangu, mwambie asante, mtu aende zake."

Jina la Bi Lakiri hakupewa na wazazi. Alipewa na wenye maduka. Kazi yake ilikuwa ofisi ya vipimo na mizani. Kila siku alitoka na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba yaliyolala kwenye vishimo vya mahameli, akaingia duka baada ya duka, akaweka jiwe la kilo moja kwenye mizani ya mtu na kungoja sindano itulie. Ikisema kweli, alipitisha waya mwembamba kwenye tundu la skrubu ya kurekebishia, akakutanisha ncha zake ndani ya kipande cha risasi, akakibana kwa koleo lenye namba yake. Hiyo ndiyo lakiri. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuichezea mizani ile bila kukata waya, na aliyekata waya alikuwa na maelezo ya kutoa.

Kwa miaka hiyo aliona mengi. Aliona sumaku iliyofichwa chini ya sahani, mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa upande wa chini, vibaba vyenye vitako viwili, na muuza samaki aliyepima kwa mkono mmoja na kuegemea mizani kwa mkono wa pili huku akiuliza habari za watoto. Kila mdanganyifu alikuwa na tabasamu zuri na salamu ndefu. Ndiyo maana hata leo ukimsalimia Bi Lakiri kwa uchangamfu kupita kiasi, anaangalia mikono yako iko wapi.

Hata mume alimpata kwa njia hiyohiyo. Mzee Paja, ambaye zamani hizo hakuwa mzee, alikuwa na bucha kwenye kona, na jina alilipata kwa sababu kila mteja alimwambia "chukua paja" hata kama paja lilikuwa limekwisha. Mkaguzi aliingia, akaweka jiwe, akakuta mizani inakosea gramu hamsini, tena kwa hasara ya mwenye bucha. Kila kilo aliyouza, mnunuzi aliondoka na nyongeza. Aliifungia hata hivyo, kwa kuwa mizani mbovu ni mbovu, ikatengenezwa, akaipiga lakiri. Kisha akarudi wiki iliyofuata bila taarifa, na nyingine, na nyingine. Yeye mkaguzi hakuwa amewahi kukutana na mwenye bucha mwaminifu, na hakuona sababu ya kuanza kuamini wakati huo kwamba yupo. Kila mara alikuta waya mzima. Mara ya nne yule kijana alifuta mikono kwenye aproni, akauliza: "Mkaguzi, unakagua mizani au unanikagua mimi?" Miaka arobaini na moja ya ndoa imepita, na sidhani kama amewahi kujibiwa.

Miaka sita kabla ya kigari, kiharusi kilimpiga Mzee Paja upande wa kushoto. Alirudi kutoka hospitali na fimbo, mkono wa kushoto usiotii, na mke ambaye tangu siku ile hakumwacha hatua tatu. Alimwogesha, akamfunga vifungo, akamshika kiwiko hadi chooni na hadi kwenye jua la asubuhi. Mara moja tu alimwacha, akaenda kuomba chumvi kwa jirani. Aliporudi alimkuta chini bafuni, shavu kwenye sakafu yenye maji. Hakuweza kumwinua. Alikaa naye juu ya saruji ile, kichwa cha mumewe mapajani, mpaka wapangaji wa nyumba ya pili waliporudi kazini.

Tangu hapo Bi Lakiri aliogopa kitu kimoja tu duniani, na hakukificha: anguko la pili. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akianguka tena huenda asiinuke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huu haukuwa ung'ongo, ulikuwa mtambo mwekundu wenye gurudumu pungufu.

Siku tatu nzima Mzee Paja hakuruhusiwa kukikalia. Karatasi ya maelezo ilisema kinabeba kilo mia moja na ishirini, lakini karatasi si mizani. Bi Lakiri alijaza mchanga kwenye viroba viwili, vyote pamoja kilo sitini na nane, uzito wa mumewe bila viatu. Kile kizito akakifunga upande wa kushoto wa kiti, kwa sababu mumewe akikaa huegemea huko. Kisha akakiendesha kwa kukibana huku akikimbia kando yake uani, viatu kavitupa pembeni, na Mzee Paja akimtazama dirishani.

Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo, kwa hiyo mazuri ya kigari aliyaandika pia kwenye daftari. Kilipita mlangoni na nafasi ya vidole viwili ikabaki. Ukikiachia kilisimama, hata kwenye mteremko wa kuelekea getini, na hakikurudi nyuma. Kiliweza kuzunguka kwenye baraza ambako kitanda kiliwahi kukwama. Mabaya yalikuwa kwamba kilikuwa kizito mno, wao wawili wasingeweza kukiinua kikikwama, tumbo lake lilikwaruza kila tuta, kizingiti cha mlango kilihitaji ubao, na mvua ikinyesha usukani ulitaka kuvishwa mfuko. Hayo yote yalikuwa na dawa. Lakini alipokipinda kulia kikiwa na kasi yake yote, gurudumu la nyuma la kulia liliinuka taratibu, kigari kikaegemea kushoto, na viroba vikalala chini na kupasuka. Alisimama akihema juu ya ule mchanga. Nisiseme uongo, alifurahi. Ilikuwa ni furaha ileile ya kuikuta sumaku chini ya sahani.

"Umeona?" alimwambia mumewe dirishani. "Huyo aliyelala hapo ni wewe."

"Mimi nisingepinda kwa kasi hiyo," alisema Mzee Paja.

"Hata muuza samaki alisema asingeegemea."

Sasa, kwenye usukani kulikuwa na kitufe cha duara cha kuzungusha, ndicho kilichopanga mwendo. Upande mmoja kilichorwa kobe, upande wa pili sungura. Kwenye kobe kigari kilikwenda mwendo ambao kuku alikitangulia bila kukimbia. Bi Lakiri alishona viroba, akavijaza upya, akapinda kulia mara nne kwenye kobe. Havikuanguka. Basi ikawa kobe. Polepole ndio mwendo, alisema, na hapo angeweza kuishia kama angekuwa mtu mwingine. Lakini kitufe kilizunguka kwa kidole kimoja tu, na mumewe alikuwa na vidole vitano vizima.

Alifungua droo ya kabati, akatoa koleo la zamani, namba yake imefutwa, ambalo ofisi ilimpa kama kumbukumbu siku ya kustaafu. Kwa sindano ya moto alitoboa kitufe, akapitisha waya, akauzungusha kwenye shingo ya usukani, akabana risasi. Kazi ilikuwa safi kama za ujana wake.

"Umenipiga lakiri," alisema Mzee Paja.

"Nimekipiga kigari."

"Sawa."

Sawa ile haikumpendeza. Katika kazi yake, mwenye duka akikubali upesi, unakagua upya. Akaongeza masharti: kulia asipinde mpaka asimame kwanza, azunguke mtaa wa maghala tu ambako kona zote ni za kushoto, saa kumi na moja awe amerudi, na barabara kuu asiivuke kwa hali yoyote. Mzee Paja alisema sawa mara nne zaidi.

Wiki mbili za kwanza walikwenda pamoja, yeye akitembea kando na mkono kwenye kiti. Wiki ya tatu, siku moja saa kumi, Mzee Paja alikaa kwenye kigari, akaweka fimbo kwenye kikapu na kusema: "Leo nakwenda peke yangu." Hakuomba. Bi Lakiri alisimama getini mpaka kitambaa chekundu alichokifunga nyuma ya kiti kilipopotea nyuma ya ghala la kwanza, na akabaki palepale mpaka kiliporudi kupitia upande wa pili.

Ikawa desturi. Kila aliporudi, mkewe alikagua lakiri kwanza, ndipo anamsalimu. Waya ulikuwa mzima kila siku. Angepaswa kutulia. Lakini jicho la mkaguzi halistaafu. Kigari kilikuwa na vijitaa vitano vya kuonyesha betri, na kuzunguka maghala mara tatu kulikula kijitaa kimoja, hilo alikwisha kulipima na kuliandika. Mzee Paja alikuwa akirudi vijitaa viwili vimezimika. Tena mpira wa magurudumu ulikuwa na vumbi jeupe kwenye mifereji yake. Mtaa wao wote hadi maghalani ni udongo mwekundu.

"Ulikwenda wapi leo?"

"Hapahapa."

"Hapahapa wapi?"

"Nje."

Kisha likaja la kunyoa. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyemnyoa ndevu. Sasa Mzee Paja alijifungia na kioo, akajinyoa kwa mkono mmoja, akatoka na mikwaruzo miwili kidevuni na shati safi. Vifungo alivifunga mwenyewe. Viwili vilikosea tundu, lakini alikataa kurekebishwa. Mtu anajipamba hivyo akazunguke maghala?

Mama wa mayai, jirani yao aliyeuza mayai na habari kwenye meza moja, ndiye aliyemalizia. "Shemeji nilimwona ng'ambo ya barabara kuu," alisema akihesabu mayai kwenye trei. "Karibu na pale kwa fundi cherehani. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema."

"Nimesema nilimwona tu. Mengine utajaza mwenyewe."

Alijaza. Fundi cherehani yule alikuwa mjane wa miaka hamsini, mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi upande wao wa barabara. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Usiku Bi Lakiri alimtazama mumewe alivyolala na kumchukia kidogo. Mwanamke wa miaka sitini na sita kumwonea wivu mzee wa miaka sabini na mmoja anayekwenda kwa betri, cheka ukitaka. Yeye hakucheka. Na jambo ambalo baadaye lilimwaibisha ni hili: aliposikia "ng'ambo ya barabara kuu" alifikiria cherehani kwanza. Barabara yenyewe, pamoja na malori yake, ilimjia akilini siku ya pili.

Alhamisi saa kumi alimwacha atangulie, kisha akamfuata. Kumfuata mtu kwenye kobe ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, kwa sababu unampita. Ilimbidi asimame kila mara, ajifanye anatazama kufuli dukani, anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mzee Paja alikwenda moja kwa moja bila kugeuka. Maghala aliyapita. Mwisho wa mtaa alisimama kabisa, akapinda kulia taratibu kama alivyoelekezwa, na hilo lilimuuma mkewe kwa namna asiyoielewa. Mtu anakwenda kwa mwanamke mwingine huku anatii sharti la kona.

Kwenye barabara kuu alifuata mahali ambapo ukingo ulikuwa umeshushwa, akasimama. Alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Aliacha gari dogo lipite, akaacha pikipiki mbili. Barabara ilipokuwa tupu pande zote akabana.

Bi Lakiri alikuwa nyuma ya nguzo ya taa. Aliona kigari kikishuka na kuanza kuvuka, na papo hapo akili yake, ambayo haikuwahi kuacha kupima, ikapima. Upana wa barabara ilikuwa hatua ishirini na mbili. Mtu mzima anazimaliza kabla hujamaliza kumsalimia. Kigari hakikuwa kimefika katikati lori la mawe lilipochomoza kwenye kona.

Mzee Paja aliliona. Alibana kwa nguvu zote, bega lake la kulia lilipanda hadi sikioni, na kigari kikaendelea na mwendo wake uleule, kwa sababu ule ndio mwendo kiliofungiwa. Honi ililia na haikunyamaza. Magurudumu ya lori yaliburuta, harufu ya mpira ulioungua ikamfikia Bi Lakiri kabla ya sauti yake mwenyewe kutoka, na kwa kweli haikutoka. Alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake.

Lori lilisimama. Kati ya bamba lake la mbele na kigari pangepita mtu mmoja, tena kiubavu.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Mzee, unavuka au unalima?" Kisha akaiona fimbo kwenye kikapu, na ule mkono wa kushoto uliolala mapajani, akashika kichwa chake. Mzee Paja alimwinamia kidogo. Mkono wa kumpungia hakuwa nao, ule mzima ulikuwa bado umebana. Akaendelea kuvuka, polepole, mbele ya lori lililosimama na mengine mawili yaliyokuja nyuma yake, yote yakisubiri kobe amalize.

Hapo ndipo Bi Lakiri alipotambua alichokifanya. Kwenye sungura mumewe angekuwa ng'ambo kabla lori halijaonekana. Alikipima kigari kwenye kona, kwenye mteremko, mlangoni na kwa viroba. Hakukipima barabarani, kwa kuwa barabarani alikuwa amemkataza, na aliamini katazo lake kama alivyoamini jiwe la shaba. Aliogopa asianguke, akamfunga mbele ya malori. Aliiachia nguzo, akavuka.

Mzee Paja alikuwa amekwisha pita kwa fundi cherehani bila kugeuza shingo. Fundi naye hakuinua kichwa kutoka kwenye mashine yake. Mbele kidogo kulikuwa na kiwanda cha matofali ya saruji kilichofungwa zamani, geti limeng'olewa, uwanja wake mpana wa zege umejaa vumbi jeupe. Kigari kiliingia humo. Kilizunguka kushoto mzunguko mmoja mkubwa, kikasimama, kikapinda kulia, kikazunguka tena. Mzee Paja alikuwa akipiga mluzi kwa upande mmoja wa mdomo, mluzi uliovuja hewa nusu yake. 

Alipomwona mkewe alisimama.

"Umekuja."

"Nimekuja. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Uliyemfuata. Unayemnyolea ndevu."

Mzee Paja alitazama uwanja mzima, kona hadi kona, kana kwamba anamsaidia kumtafuta. "Hapa hakuna mtu," alisema. "Ndiyo maana naja."

Bi Lakiri alikimbilia hasira. "Lile lori lingekuua."

"Nililiona."

"Kwa nini hukukata waya? Kisu kipo nyumbani. Meno unayo. Ungekata, ukavuka kama mtu."

"Ni lakiri yako," alisema Mzee Paja, kama vile hilo lilikuwa jibu lote. Alipoona halitoshi akaongeza: "Miaka yote ya bucha sikukata hata moja. Na hii ningeikata, ungeikuta jioni ileile, ukanifungia kabisa. Nikaona bora kobe."

"Ungeniambia unataka kuja huku."

"Ungekuja nami."

Ndiyo, angekuja naye. Angetembea kando, mkono kwenye kiti. Mzee Paja alivuta pumzi, maana maneno mengi yalimchosha, akayatoa moja moja. "Mke wangu, nikikohoa unauliza. Nikinyamaza unauliza. Nikilala unanigusa kama napumua. Bila wewe ningezikwa zamani, najua, na kila mtu anajua. Lakini nataka saa moja kwa siku ambayo mtu hajaniuliza kama nimechoka."

Heri angekuwa fundi cherehani. Kwa fundi angekwenda hadi mlangoni, akamwambia maneno yake, wakaachana wakijuana. Hapa hapakuwa na wa kumwendea. Aliyekimbiwa ni yeye, na alikimbiwa na mtu asiyeweza hata kukimbia, kwa mwendo ambao yeye mwenyewe aliupima. Alilia kidogo, amesimama, bila kufunika uso. Mumewe alimwacha alie.

Kisha akageuka, akaenda hadi kwa fundi cherehani. "Habari za jioni. Naomba kitu cha kukatia waya."

Fundi alifungua kopo la vifungo, akatoa plaizi ndogo ya kung'olea zipu. "Ni kwa ajili ya yule mzee wa kigari chekundu?" aliuliza. "Anapita hapa kila siku, mama. Hajawahi hata kunisalimia. Nilidhani ana maringo."

"Anayo," alisema Bi Lakiri, akachukua plaizi.

Waya ulikatika kwa mbano mmoja. Kipande cha risasi alikitia mfukoni, akazungusha kitufe mwenyewe hadi kwenye sungura, akakirudisha kwenye kobe, akakizungusha tena, ili mumewe aone. "Kuvuka, sungura. Ukifika ng'ambo, kobe kabla hujapinda."

"Nimesikia."

"Na uvuke sasa. Mimi nakuja kwa miguu, usiningoje."

Mzee Paja alivuka haraka, barabara ikiwa tupu, na hakugeuka nyuma. Alikuwa amefika upande wa pili kabla mkewe hajashusha mkono aliouinua bila kujua.

Kesho yake saa kumi Mzee Paja alitoka. Kabla ya kutoka alisema: "Nawe toka. Huna saa yako tangu nilipougua." Bi Lakiri hakumsindikiza getini. Alinawa uso, akabadilisha viatu, akachukua mkoba, akafunga mlango kwa ufunguo. Sokoni hakuwa na cha kufuata. Rafiki zake wa ofisini aliacha kuwajibu miaka minne iliyopita, na mmoja wao alisikia amehama, hakukumbuka ni yupi. Alielekea kushoto hatua chache, akasimama. Akageukia kulia.

"Mama, leo na mkoba," alisema mama wa mayai kutoka mezani kwake. "Unakwenda wapi?"

Kwa miaka sita ungemwuliza saa yoyote mume wake yuko wapi, angekujibu kabla hujamaliza. Sasa alifikiri, akatazama mtaa huku na huku, na mama wa mayai akawa anasubiri.

"Sijui," alisema Bi Lakiri.